Safu ya Matabishi

Wanangu wa sokoni Kamembe, mlikuja watatu wiki iliyopita, mkakaa kwenye baraza yangu hapa Cyangugu, mkanionyesha duka lenu lote ndani ya simu. Mauzo yamo, madeni yamo, hata mchoro wa rangi unaopanda na kushuka umo. Mkaniuliza: "Maman Bernadeta, ripoti yetu inakosa nini?" Nikawaambia nitafikiri. Najua mlipokuwa mnapanda kurudi mjini mlicheka kwamba bibi alisinzia mbele ya wageni. Sikusinzia. Nilikuwa naangalia ziwa, na mimi nikiangalia ziwa huwa napiga hesabu. Ni kasoro yangu ya tangu ujana, nimezeeka nayo.

Nawajibu kwa kuandika kwa sababu kwa mdomo napotea njia. Nimetunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo kwa zaidi ya miaka thelathini: wauza mchele, wauza vitenge, seremala mmoja mkali, na mwenye boti mmoja aliyekuwa akinilipa kwa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa. Ofisi kubwa sikuwahi kuingia ila kusalimia. Lakini ripoti yangu moja ilimtoa kazini mama asiye na kosa, na yale niliyojifunza katika kumrudisha ndiyo elimu yangu. Mengine ni kujumlisha na kutoa, na hayo simu zenu zinayajua kuliko mimi.

Aliyenifundisha ni Papa Gaspari, mzee mwembamba aliyetunza hesabu za parokia hadi macho yakachoka. Alivaa sweta hata jua likiwaka. Siku ya kwanza aliniambia kwamba lile daftari la kila siku, unaloandika haraka haraka kila pesa inapoingia au kutoka, kwa Kifaransa huitwa bruyari, yaani ukungu, kwa sababu mambo yaliyomo bado hayajaonekana vizuri. Nililipenda neno hilo kuliko hesabu yenyewe. Asubuhi za Kivu mnazijua. Ukungu umelala juu ya maji, Bukavu haionekani, unasikia tu jogoo wa ng'ambo na honi ya gari usilolijua. Nikaona basi kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa dirishani na kungoja ng'ambo itokeze yenyewe.

"Bernadeta, uko wapi?" Papa Gaspari alikuwa akiniuliza.

"Niko hapa, Papa."

"Kitako njo kiko hapa. Weye uko mu maji."

Alinipa amri mbili. Ya kwanza: usifute kamwe. Ukikosea, kata mstari mmoja mwekundu juu ya kosa, andika sahihi pembeni, weka jina lako, ili ajaye aone ulikosea nini na nani alisahihisha. Ya pili: kabla hujaandika ripoti ya biashara ya mtu, nenda ukakae pale biashara inapofanyika, tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Ya kwanza niliishika, ila siku moja nusura niivunje. Ya pili niliiitikia tu, "Ndiyo, Papa," huku naangalia nje.

Kazi yangu ya kwanza aliyonitafutia ilikuwa kwa Mzee Saidi, muuza mchele hapo Kamembe, nyuma kidogo ya soko. Ilikuwa miaka ile ng'ambo bado inaitwa Zaire. Mchele ulipanda na malori kutoka tambarare ya Bugarama, na wanunuzi wengi walikuwa akina mama wa Bukavu waliovuka daraja la Rusizi na vikapu kichwani. Mzee Saidi alikuwa mtu wa swala tano na vicheko vingi. Hesabu zake zote zilikuwa ndani ya koti. Mfuko wa kulia faranga zetu, mfuko wa kushoto zaire, pesa za ng'ambo, mfuko wa kifuani vikaratasi vya madeni. Siku mkewe, Maman Zaina, alipolifua koti lile bila kuuliza, biashara nzima ililala kwenye kamba ikikauka, na Mzee akakaa chini yake kwenye kiti akilinda. Kesho yake ndipo aliponiita mimi.

Alinipa chumba cha nyuma, meza, na dirisha. Mungu anisamehe, lile dirisha! Lilitazama ziwa lote hadi visiwani. Nilikuwa naandika "magunia manne" na kabla wino haujakauka nimeshafika kisiwani Idjwi na kurudi.

Ndiyo sababu mwezi wa kwanza nilijumlisha faranga na zaire katika safu moja. Mmecheka? Chekeni. Jumla ilitoka nene, inang'aa, nikampelekea kwa fahari. Mzee Saidi akaitazama, akaniombea dua ndefu, kisha akaenda kuagiza mabati mapya ya nyumba nzima. Mabati yalifika, yakashushwa, majirani wakapongeza. Siku ya tatu nikagundua. Nilipomwambia, aliyaangalia yale mabati yanavyometameta uani.

"Binti, sasa haya mabati tuyale na chumvi?"

Yalirudishwa kwa punguzo. Tangu siku hiyo kila pesa ina safu yake, na juu ya kila ukurasa naandika zaire zinabadilishwa kwa kiasi gani siku ile. Na nyinyi mnaopokea pesa za pande zote mbili za mto, fanyeni hivyo. Msiiachie simu iwabadilishie bila kujua imebadilisha kwa bei ya siku gani.

Jingine lilikuwa Maman Zaina. Kila adhuhuri alituma kikapu dukani kipewe mchele wa nyumbani. Nilipomweleza kwa adabu kwamba mchele ule hauonekani popote kwenye vitabu, aliniangalia kwa huruma. "Utaonekanaje? Tumeshaukula." Nikamtengenezea kidaftari chake mwenyewe chenye jalada la bluu, akiandika kile nyumba inachochukua. Alikipenda. Mwishoni akawa mkali kuliko mimi, akimwandika mumewe hata sukari ya chai. Msiwazuie watu wa nyumbani kuchukua, hamtaweza. Wapeni pa kuandika.

Na ripoti zangu za mwanzo niliziandika kwa Kifaransa kizuri, zenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mistari miwili. Mzee Saidi alisoma vizuri herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni, Kifaransa hapana. Alikuwa anazishika, anatikisa kichwa, anazikunja mfukoni. Miezi mitatu nilijisifu kwamba tajiri wangu anasoma ripoti! Siku moja nikazikuta zote ndani ya lile koti, zimekunjwa vile vile. Nikaanza kuandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na kumsomea kwa sauti kila mwisho wa mwezi akinywa chai. Hapo ndipo alipoanza kuniuliza maswali, na hapo ndipo matatizo yalipoanza pia.

Aliyeuza mchele dukani alikuwa mtu mmoja tu, Maman Esperansi. Mjane wa Bukavu, mama wa watoto wanne, kila asubuhi anavuka daraja na karatasi yake ya mpakani, jioni anarudi. Alikuwa na sauti ya kuimba kwaya na mikono mipana. Alipimia kwa mkebe wa bati uliong'aa kwa kusuguliwa na mchele. Gunia moja ni mikebe hamsini, niliipima mwenyewe. Mimi aliniita Mademoiselle, kwa utani, kwa sababu ya viatu vyangu vya kisigino katika matope ya Kamembe.

Ikawa mwisho wa mwezi mmoja nikafanya kitu ambacho duka lile halijawahi kufanya: nilihesabu magunia yaliyobaki, nikalinganisha na pesa zilizoingia. Magunia arobaini yalikuwa yameuzwa. Pesa zilikuwa za magunia chini ya thelathini na nane. Mchele wa kidaftari cha bluu nilikuwa nimeshautoa. Nilirudia mara nne. Upungufu ulikuwa ule ule, mikebe mitatu kwa kila gunia, bila kukosa, kama mtu anayechota kwa mpango.

Hapo ilinipasa kushuka dukani nikae. Amri ya pili ya Papa Gaspari ilikuwa kwa ajili ya siku ile hasa. Mimi nilibaki dirishani, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Upungufu wa magunia mawili na zaidi. Muuzaji ni mmoja." Sikuandika neno wizi. Nilidhani hiyo ni heshima.

Mzee Saidi alisikiliza, akaiweka chai chini. Akatoka hadi dukani, nami nyuma yake, wateja wamejaa.

"Maman Esperansi, kuko muchele unatoka bila pesa?"

"Hapana, Mzee."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo. Mbele ya Mungu."

"Bon. Na raporo inasema magunia mbili hayiko."

Akina mama wote waligeuka. Maman Esperansi aliniangalia mimi, si Mzee. Akavua aproni polepole, akaikunja, akaweka mkebe juu yake.

"Mademoiselle, kalamu yako inanionea. Mi niko na batoto bane, banasoma na hii kazi. Ukinitosha hapa, ukinifukuza kwa jina ya mwizi, hakuna muntu atanipa ingine, huku wala kule."

Mzee alisema akae nyumbani kwanza hadi tuone. Lakini soko halina neno la "kwanza." Kabla hajafika darajani ilikuwa imeshasemwa kote kwamba mama wa mchele kwa Mzee Saidi ni mwizi. Niliona mgongo wake ukiteremka barabara, nikarudi chumbani, nikashindwa kuandika. Niliona aibu, na sikujua bado ni aibu ya nini.

Kesho yake dukani hapakuwa na mtu. Mzee Saidi akanipa aproni. "Weye unajua hesabu. Uzisha."

Basi nikauza. Nilivua vile viatu. Nilifungua gunia jipya, nikajiambia leo gunia hili litatoa mikebe hamsini, nione. Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Nikapima mkebe, nikaupangusa juu kwa kiganja uwe sawasawa, nikamimina kikapuni, nikapokea pesa. Hakuondoka. Alisimama tu, kikapu kimefunguliwa, ananitazama kwa upole kama mtu anayengoja umalize kusema.

"Nini tena, Maman?"

"Na matabishi?"

Nikachota konzi ya mchele, nikamwongezea. Akashukuru, akaenda. Wa pili, konzi. Wa tatu, konzi. Wala sikufikiri. Tangu utotoni, mama yangu akinituma karanga, nilirudi nikila matabishi yangu njiani, zile punje za juu ambazo muuzaji humwongezea mnunuzi ili arudi kesho. Hakuna Kamembe wala Bukavu mtu anayeuza bila matabishi. Mkono unakwenda wenyewe.

Adhuhuri gunia likaisha. Nikahesabu pesa: mikebe arobaini na saba. Nikahesabu tena. Nilikaa juu ya gunia tupu, na nakumbuka vumbi la mchele likielea katika mwanga wa mlangoni, polepole sana, na kelele za soko zikawa mbali kama zinatoka ng'ambo. Mikebe mitatu haikuwepo. Mwizi nilikuwa mimi.

Nikaanza kuyaona maneno ya jana upya. Alipoulizwa kama kuna mchele unaotoka bila pesa, Maman Esperansi alijibu hapana, na alisema kweli yake. Kwake matabishi haikuwa mchele uliotoka bila pesa. Ilikuwa sehemu ya kuuza, kama kusema karibu. Mzee Saidi naye, ambaye siku za Ijumaa alikuwa akipita dukani na kuwaongezea wateja konzi kubwa kuliko zote, hakuikumbuka. Mimi nilikua nikiila, sikuiandika. Sote watatu tuliijua, na hakuna aliyeiona.

Mzee hakuniamini kwa maneno. Nikamwambia asimame nami asubuhi moja. Kila konzi niliyotoa kwa mteja, nilimwaga nyingine kama hiyo, ya gunia jingine, ndani ya ndoo. Gunia lilipoisha tukaipima ndoo kwa mkebe ule ule. Mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukajaa. Mzee Saidi alivua kofia yake, akaishika mikononi.

"Tulimufukuza juu ya matabishi," akasema. "Binti, tulimufukuza juu ya desturi yetu siye benyewe."

Alitaka kutuma mtu na pesa ya pole. Nikamwambia hapana, twende. Tulivuka daraja kwa miguu, mimi na yeye, Rusizi ikitoka ziwani chini yetu na kelele zake. Tulimkuta Maman Esperansi kwake, kwenye mteremko, anapanga mafungu madogo ya makaa mbele ya mlango. Watoto wawili wakubwa walikuwa nyumbani, na ilikuwa siku ya shule. Hilo liliniuma kuliko yote aliyoyasema baadaye.

Mzee aliomba radhi vizuri, kwa maneno marefu ya heshima. Mimi nikasema tu kwamba nilikosea. Alisikiliza huku anapanga makaa yake.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini kurudi, hapana. Mulinitosha mbele ya bantu. Hapa mu kwangu ni mbele ya makaa. Munirudishe mbele ya bantu."

Siku ya soko ilipofika, duka lilipojaa, alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka, akasimama upande wa wateja. Nilipanda juu ya gunia nikiwa na kitabu cha hesabu. Nikasoma ripoti yangu kwa sauti, ile ya kwanza yenye kosa, kisha mpya: mchele uliouzwa mikebe kadhaa, mchele wa nyumbani mikebe kadhaa, matabishi mikebe mia na ishirini, upungufu hakuna. Akina mama waliposikia "matabishi mikebe mia na ishirini" walipiga vigelegele na kucheka. Mmoja akapaza sauti: "Mzee Saidi, kumbe unatupenda hivi!" Mzee naye akacheka hadi akajifuta macho.

Nilifikiri imekwisha. Maman Esperansi akanyoosha mkono. "Nionyeshe pale uliniandika."

Nikafungua ukurasa ule. Nilikuwa nimepanga kuuchana, nimwonyeshe kwamba haupo tena. Akakataa.

"Hapana. Ukiuchana, kesho muntu atasema kulikuwa kitu. Acha ibakie, waone weye njo ulikosa."

Hakuwahi kukutana na Papa Gaspari hata siku moja, na ile ilikuwa amri yake ya kwanza. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata mstari mmoja juu ya "Muuzaji ni mmoja", nikaandika pembeni sababu na jina langu. Akausoma taratibu kwa kidole. Kisha akafunga aproni, akachukua mkebe, akauliza nani wa kwanza.

Tangu mwezi ule kila ripoti niliyoandika ilikuwa na safu ya matabishi, na kwa kila tajiri niliyemfanyia kazi baadaye nilitafuta safu yake kama hiyo. Kwa seremala ilikuwa vipande vya mbao anavyowapa mafundi wenzake. Kwa mama wa vitenge, nusu mita ya leso anayomfungia bibi harusi. Kila duka lina kitu ambacho mkono unatoa na mdomo hautaji. Mzee Saidi hakupunguza konzi hata punje moja. Aliiweka tu ndani ya bei ya gunia, na kwa mara ya kwanza akajua anachopata kweli. Mabati akayanunua mwaka uliofuata, kwa pesa zilizokuwepo.

Vitabu vile havipo tena. Vilipotea na mengi mengine katika mwaka ule ambao sisi wa umri wangu hatuutaji mbele ya chai. Mzee Saidi amelala makaburini kwao. Lakini bado naona ule mstari mwekundu. Asubuhi zikiwa na ukungu, nikikaa hapa barazani, naona akina mama wanashuka darajani na vikapu vitupu kichwani, na mmoja wao anaimba, na ninajua ukungu ukiondoka hawatakuwepo.

Kwa hiyo, wanangu, mmeniuliza ripoti yenu inakosa nini. Sijui. Sijakaa dukani kwenu. Nifungulieni mlango mapema Jumatatu, nitakuja na kiti changu.

Na hili moja niseme kabla sijaweka kalamu. Siku niliyoacha kazi, wale niliowatunzia vitabu walinifanyia karamu ndogo, soda na sambusa. Maman Esperansi alivuka daraja kuja, bibi sasa, mjukuu wake wa chuo kikuu akimshika mkono. Alileta kikapu na ule mkebe wa bati. Akanipimia mchele mbele ya watu wote, akaupangusa juu kwa kiganja, akaumimina katika mfuko wangu. Nikasimama pale pale, mfuko umefunguliwa, sikuondoka. Akacheka. Akachota konzi kwa ule mkono wake mpana, akaongeza, akaninong'oneza:

"Hii, Mademoiselle, usiandike."

Sikuiandika. Leo ndiyo mara ya kwanza.